Kupandishwa Cheo kwa Mlinzi Kufuli

Ipo nchi moja ambayo jina lake nimelisahau kwa hiari yangu. Ni nchi nzuri, tulivu, yenye barabara inayozinduliwa kila mwaka, ile ile moja, na watu wake wana adabu mpaka mgeni anaona haya. Mkisikia humu jambo linalofanana na la kwenu, basi ni bahati mbaya, na bahati mbaya hiyo ni yenu. Mimi simo.

Huko aliishi bwana mmoja aitwaye Feruzi Mshindo, mchekeshaji wa runinga. Kila Alhamisi jioni, taarifa ya habari ikishakwisha na watu wakishaambiwa kwamba mambo yote ni mazuri, Runinga ya Taifa ilionyesha kipindi chake kilichoitwa Getini. Feruzi aliigiza mlinzi wa wizara, jina lake Kufuli: koti la khaki linalompwaya, rungu refu kuliko mguu, na kiti cha mbao kilichochoka. Kazi ya Kufuli ilikuwa kuwazuia wenye shida wasiingie na kuwafungulia wasio na shida. Basi kila akitaka kuwa mkali, usingizi unampitia, kichwa kinakwenda, kiti nacho kinakwenda, mzee mzima chini pwaa. Akiinuka, kabla hajajua yuko wapi, anaupigia saluti mti.

Watu walivunjika mbavu, si utani. Lakini Feruzi hakuwa akiwaangalia watu wote. Alimwangalia mmoja, mama yake, Bi Kidawa, aliyekuwa akiishi naye kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Tangu afiwe na mumewe, Bi Kidawa alikuwa ameacha kucheka kabisa. Si kwamba alikuwa na ukali, la, mwanamke mpole sana yule. Ila mtu ungemsimulia kisa cha kuchekesha, akakwambia "pole mwanangu," akaendelea kuchambua mchele. Mwaka mzima ulipita hivyo. Halafu Alhamisi ya kwanza ya Getini, Kufuli alipoanguka na kuupigia mti saluti, Bi Kidawa alicheka kwa sauti mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba mwingine.

Tangu siku ile Feruzi hakuwahi kuitazama tena runinga siku za Alhamisi. Alikaa mkekani akiwa ameipa mgongo, akimtazama mama yake. Alijua kila anguko litamfikia saa ngapi, alijua bega lipi litaanza kutikisika, na alijua kwamba akimaliza kucheka atajifuta macho na kusema, "Huyu mtoto ataniua huyu." Feruzi alikuwa mtu mwenye raha, na katika nchi ile mtu mwenye raha huwa anaitwa ofisini.

*

Barua ilikuja na mihuri minne. Ilisema: YAH: KUJIFANYA MTUMISHI WA UMMA. Feruzi alivaa shati la harusini akaenda Ofisi ya Utumishi, ambako alipokelewa na afisa mwandamizi, Bi Gaudensia Lwambano, mama mmoja mwenye sweta la kufuma na sauti ya kubembeleza. Alimkaribisha chai. Alimwongezea sukari kwa mkono wake mwenyewe.

"Ndugu Feruzi, wewe ni mlinzi wa wizara?"

"Hapana mama. Naigiza."

"Unaigiza kuwa nani?"

"Mlinzi wa wizara."

"Na wewe si mlinzi wa wizara."

"Si mlinzi, mama."

"Basi umekiri," alisema Bi Gaudensia kwa masikitiko, akaandika. "Afadhali wewe. Kuna watu hapa wanatuchosha siku tatu nzima."

Alimweleza taratibu kwamba sheria inakataza raia kujifanya mtumishi wa serikali, awe wa juu au wa chini, mbele ya umma, na Feruzi alikuwa amejifanya mara mia moja na nne, mbele ya umma wote, tena kwa taa kali. Kifungo ni miaka saba kwa kila mara. Feruzi alijaribu kupiga hesabu, akaacha njiani. Alimfikiria mama yake akiwa peke yake siku ya Alhamisi.

"Usihofu," alisema Bi Gaudensia. "Serikali si katili. Tukikuajiri kweli kuwa mlinzi wa wizara, utakuwa hujifanyi tena. Utakuwa ndiye."

"Na kipindi?"

"Kipindi kinaendelea. Cheo chako cha runinga na cheo chako cha serikalini vitakuwa kitu kimoja. Weka sahihi hapa, na hapa, na huku nyuma."

Feruzi alitia sahihi kurasa kumi na nane, akamshika yule mama mkono kwa mikono yake miwili na kumwombea maisha marefu. Alitoka pale akipiga mluzi. Maskini ya Mungu, hakujua kwamba mtumishi wa umma katika nchi ile, akishaingia, lazima apande.

*

Alipanda baada ya miaka miwili. Barua ilisema kwamba Serikali ina furaha kumpandisha Ndugu F. Mshindo kutoka mlinzi kuwa karani wa masjala, kuanzia Alhamisi.

Feruzi alikimbilia kwa Mkurugenzi wa Runinga ya Taifa, Bwana Pazi Lukwaro, aliyeletwa pale kutoka Idara ya Mifugo baada ya mifugo kupungua. Alimkuta anapunguza kucha.

"Hongera sana, karani," alisema Bwana Pazi.

"Mkurugenzi, mimi watu wananicheka nikiwa mlinzi."

"Ndiyo maana umepandishwa. Umefanya kazi nzuri."

"Naomba basi niwe karani ofisini, ila kwenye runinga nibaki Kufuli."

Bwana Pazi aliacha kucha. "Karani ajifanye mlinzi? Unataka kuwadhalilisha makarani wa nchi hii? Bwana, hiyo miaka saba yako bado tunayo kwenye faili."

Ndipo akamtolea Kanuni za Kicheko, kijitabu cha kijani ambacho Feruzi hakuwahi kukisikia, ingawa kilikuwa kiambatisho cha ukurasa wa kumi na saba alioutia sahihi. Kanuni zilikuwa rahisi. Mlinzi, tarishi na mfagizi huchekwa bila kikomo. Karani huchekwa kwa kiasi. Mkuu wa idara hutabasamiwa. Kuanzia mkurugenzi kwenda juu, mwananchi husimama.

Basi Feruzi akawa karani. Alijitahidi, hilo lazima tuseme. Alitafuta faili nusu saa nzima huku akiwa amelikalia. Alimwambia mwananchi njoo kesho, mwananchi akaja kesho, akamwambia nilisema kesho. Watu walicheka kwa kiasi, kama kanuni zilivyotaka. Bi Kidawa naye alicheka kidogo, halafu akaacha, akatazama chini.

"Vipi mama, hujapenda?"

"Nimependa baba. Ila huyo karani namwogopa. Mwaka ule wa msiba alinizungusha miezi minne kwa cheti cha kifo cha marehemu baba yako. Nikimcheka sana, nikirudi pale je?"

"Mama, huyo ni mimi."

"Najua ni wewe," alisema Bi Kidawa, na akauvuta ungo wa mchele karibu yake.

Nafasi ya Kufuli ikatangazwa gazetini. Sifa: shahada mbili na uzoefu wa miaka kumi wa kukaa getini. Feruzi aliomba, akajibiwa kwamba cheo chake ni kikubwa mno na elimu yake ni ndogo mno, kwa hiyo amekosa kwa pande zote. Aliipata mpwa wa Bwana Pazi, mtu mzima mwenye kitambi na shahada mbili kweli, moja ya misitu. Mpwa hakutaka kuanguka kwa sababu ya mgongo. Alikaa juu ya mto, akawa anatoa maelezo kuhusu umuhimu wa lango. Watu hawakucheka, basi mafundi wakachukua vicheko vya zamani, vya miaka ile ya Feruzi, wakavibandika kila alipovuta pumzi.

Alhamisi moja Bi Kidawa aliinua kichwa ghafla. "Huyo anayecheka huko ndani anacheka kama mimi."

 Feruzi alikumbuka kwamba aliwahi kumpeleka mama yake studio siku kipindi kilipotimiza mwaka, na kwamba mama alikaa mstari wa mbele. Walikaa wawili wale wakisikiliza kicheko cha Bi Kidawa kikimcheka mpwa wa Bwana Pazi, na moyo wa Feruzi ulimuuma vibaya sana.

*

Akarudi kwa Bi Gaudensia. "Mama, nataka kushuka. Mtu anashukaje hapa?"

Bi Gaudensia alimwongezea sukari. "Kushuka ni adhabu, ndugu yangu. Hatuwezi kumwadhibu mtu hivi hivi. Sharti ukosee."

Heri yule mama angenyamaza. Feruzi alitoka pale na mpango. Akaacha kwenda kazini miezi mitatu, analala tu, anamsaidia mama kuchambua mchele. Mwezi wa nne ikaja barua ya kumpongeza: katika muda huo hakuna mwananchi hata mmoja aliyelalamika juu yake. Wakampandisha kuwa mkuu wa masjala.

Akaenda kwenye kikao cha wakuu, akasimama, akamwambia mwenyekiti kwamba ni mjinga.  Mwenyekiti akafuta miwani, akasema kwamba hiyo ndiyo aina ya ukweli inayohitajika kwa mabalozi, na Feruzi akajikuta kwenye ndege kwenda kusomea ukweli ng'ambo miezi sita. Aliporudi alikuwa mkurugenzi msaidizi.

Mwishowe aliamua kuharibu kweli kweli. Akachukua faili la daraja kubwa la mto wa kati, lile daraja ambalo lilikwisha kujengwa kwenye taarifa tano, akalichoma moto uani, mchana, mbele ya watu. Alirudi ofisini akakaa kwenye kiti akingojea pingu. Waliokuja walikuwa watu watatu wenye suti, wakamkumbatia mmoja mmoja, na mmoja wao alilia begani kwake. Wiki ile ile akawa mkurugenzi kamili.

Alimfuata Bi Gaudensia kwa hasira. "Mliniambia nikosee."

"Na umekosea, vizuri tu," alisema Bi Gaudensia. "Lakini ulitaka tufanyeje? Mtu akiharibu ofisi tunamhamisha. Na hatuwezi kumhamisha mtu kama mzigo, inabidi tumhamishe kwa heshima. Hivi wewe unadhani hawa wakubwa wako walifikaje?"

Feruzi hakuwa amewahi kuliwaza hilo. Alirudi nyumbani kwa miguu, ingawa siku hizi alikuwa na gari, na dereva akamfuata nyuma polepole njia nzima.

Siku alipokuwa mkurugenzi kamili, Bi Kidawa alisimama runinga ilipomwonyesha. Alishika ukuta, akanyanyuka kwa magoti yake yale mabovu, akasimama dakika thelathini zote. "Mama kaa," Feruzi alimwambia. Bi Kidawa akanong'ona kwamba Jumanne walipita mabwana wawili mtaani kuwafundisha watu kusimama, na dirisha liko wazi.

*

Mwaka wa tisa wa utumishi wake wakamfanya Waziri wa Furaha ya Umma. Walimhamishia kwenye nyumba ya serikali yenye bustani, na mama yake akabaki nyuma ya soko, kwa sababu nyumba ile ilikuwa ya waziri na mama hakuwa kwenye orodha ya samani. Kipindi kilibadilishwa jina kikawa Ofisini kwa Mheshimiwa, saa mbili badala ya nusu saa. Mzaha uliandikwa na kamati ya watu kumi na mmoja na kuambatanishwa na maelezo ya maana yake. Na kila mtaa ukapewa maafisa vicheko, vijana wenye adabu na daftari, waliopita madirishani siku za Alhamisi wakisikiliza. Aliyemcheka waziri alikwenda semina. Semina zilikuwa nzuri, wanasema, ingawa aliyerudi hakuwa msemaji sana.

Feruzi alivumilia Alhamisi sita. Ya saba, kipindi kikiwa hewani moja kwa moja, katikati ya sentensi ndefu kuhusu tija, alihisi hawezi tena. Aliacha kichwa kiende. Akaacha kiti kiende. Akaanguka anguko la Kufuli, zima, halikupungua hata chembe, na alipoinuka akakipigia saluti chombo cha maua.

Ukumbini hakuna aliyecheka. Kisha watu mia nne wakasimama. Mtu mmoja akaanzisha wimbo wa taifa, wakauimba beti zote. Gari la wagonjwa likaja. Kabla ya jioni kuisha tume ilikwisha kuundwa kuchunguza sakafu, na fundi seremala aliyetengeneza kiti alikwisha kuchukuliwa nyumbani kwake akiwa na patasi mkononi.

"Nimejiangusha mwenyewe," Feruzi aliwaambia waandishi wa habari. "Fundi hana kosa. Nilitaka mcheke."

Magazeti yaliandika kwamba kwa mara ya kwanza katika historia waziri amekubali kosa ni lake, na serikali ikamvisha nishani. Fundi mpaka leo hajulikani alipo, ila kiti kilisamehewa.

*

Jumapili yake Feruzi alikwenda kwa mama. Alikwenda mchana, bila ving'ora, lakini waziri hatembei peke yake, basi waliingia naye maafisa vicheko wawili na daftari zao, wakavua viatu mlangoni kama watoto waliofunzwa vizuri.

Bi Kidawa alikuwa amekonda. Alishika ukuta, akasimama.

"Karibu, Mheshimiwa."

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe," alisema, akiwatazama wale wawili. "Wao ndio sijui wanajua nini."

Feruzi aliwageukia maafisa. "Tokeni nje kidogo."

"Tungependa, Mheshimiwa," alisema mkubwa wao, na ilionekana kweli angependa. "Lakini kanuni inasema kila unapokutana na raia tuwepo. Uliipitisha wewe mwezi wa pili."

Feruzi hakukumbuka. Alikuwa akitia sahihi vitu vingi. Alimkalisha mama yake kitandani kwa mikono yake, akamwambia, "Leo usisimame, nakuomba," kisha akavua koti la suti akalivaa nyuma mbele ili limpwaye. Akachukua mwiko mkubwa wa ugali akauweka begani. Akavuta kigoda, akakaa katikati ya chumba, akakunja uso akawa mkali, na usingizi ukaanza kumpitia.

Alikuwa na miaka hamsini na tatu sasa, na mbavu zilikuwa bado zinamuuma kwa lile anguko la Alhamisi. Hata hivyo alianguka. Alianguka kwa moyo wake wote, mwiko ukaruka ukagonga sufuria, na alipoinuka alilikabili kabati la vyombo, akaunganisha visigino, akalipigia saluti.

Kisha akamtazama mama yake.

Bega la kushoto lilikuwa limeanza. Feruzi aliliona. Likafuata la kulia, tumbo likaanza kutikisika, macho yakajaa maji, mdomo ukafunguka, na alikisikia kicheko kikipanda kutoka kule chini kilikokuwa kimelala miaka yote hii. Ndipo afisa mdogo akafungua kalamu.

Bi Kidawa aliisikia. Alilikamata pindo la kanga akalishindilia mdomoni kwa mikono miwili. Kicheko kilipigana naye mwili mzima, kikamkunja, kikamtoa machozi, na alipokiachia kikatoka kikohozi, kirefu, kibaya, mpaka Feruzi akapiga magoti kumshika mgongo.

"Kikohozi, wanangu," alisema Bi Kidawa akihema, akiwatazama maafisa, si mwanawe. "Andikeni kikohozi. Kinanisumbua tangu masika."

Maafisa walitazamana. Hawakuwa watu wabaya. Mkubwa akaandika kikohozi, akapiga mstari chini yake, akamgeuzia Feruzi daftari kwa heshima. "Ila kikifanana hivi na kicheko, inabidi waziri athibitishe. Vinginevyo tunampeleka akapimwe kwenye semina."

Ilikuwa imeandikwa: Mimi, Waziri wa Furaha ya Umma, nimemsikia aliyetajwa hapo juu kwa masikio yangu, na nathibitisha kwamba hakucheka.

Feruzi aliisoma mara mbili. Alimtazama mama yake, na mama yake akamfanyia ishara kwa macho, haraka, tia.

Akatia sahihi. Afisa akachana nakala ya buluu na kumkabidhi Bi Kidawa, akamwambia aitunze, huenda akaulizwa. Bi Kidawa aliipokea kwa mikono miwili, akashika ukuta akanyanyuka, akamshukuru Mheshimiwa.